Waya Inayokufa Ukipiga Stata

Kuna ugonjwa mmoja wa magari ya zamani ambao ukiusikia mara ya kwanza utadhani ni uchawi. Jamaa amechukua gari la mwaka wa 1966, akatoa kabureta, akaweka injekta na kompyuta ya kuziendesha, ule mfumo ambao gereji zote huuita EFI. Betri ni mpya. Pampu ya mafuta ni mpya. Anazungusha ufunguo, stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Anajaribu tena, sekunde tano, sekunde kumi, hakuna kitu. Anakata tamaa, anaachilia ufunguo, na papo hapo, wakati injini bado inazunguka kwa nguvu iliyobaki, inakohoa mara mbili kama inayotaka kuwaka.

"Hii gari inataka kushika tu ukiachilia," anamwambia fundi.

Fundi mzuri wa stima hatafungua hata boneti kwanza. Atauliza swali moja: hii kompyuta, stima yake umeitoa wapi?

Swali linaonekana dogo. Kijitabu kinachokuja na mfumo kama huu kina sentensi moja tu kulihusu: waya hii iungwe mahali penye volti 12 ufunguo ukiwa umewashwa, na pia wakati wa kupiga stata. Watu wengi husoma nusu ya kwanza ya hiyo sentensi na kuruka ya pili. Wanachukua testa, wanawasha ufunguo, wanapata waya yenye moto chini ya dashibodi, wanaunga, wanafunga tepu. Kazi kwisha. Lakini ile nusu ya pili imebeba historia ya zaidi ya miaka mia moja, na asiyeijua atazunguka gereji zote za Kirinyaga Road akibadilisha vitu ambavyo havijaharibika.

Mimi nilitoka chuo kabla ya kumaliza, na hata sikuwa nikisomea umeme. Kwa hivyo nitasimulia jinsi inavyosimuliwa gereji: tunashika waya, tunaifuata, tunauliza ni nani aliyeiweka hapo na alikuwa na shida gani.

Tuanzie mahali ambapo waya yenyewe haikuwepo. Magari mengi ya mwanzo yalipata cheche kutoka kwa magneto, yaani sumaku na nyuzi za shaba zinazozungushwa na injini yenyewe. Mwaka wa 1902, Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Robert Bosch kule Stuttgart, alikamilisha magneto ya volti za juu iliyoweza kurusha cheche kwenye plagi moja kwa moja. Injini ikizunguka, cheche ipo. Injini ikisimama, cheche hakuna. Hakuna mtu wa kuuliza stima imetoka wapi, kwa sababu injini inajitengenezea yake.

Ford Model T, gari lililouzwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, lilikuwa na magneto ndani ya gurudumu zito la injini. Magari yake mengi yalikuwa na swichi yenye pande mbili, upande wa betri na upande wa magneto. Dereva aliwasha kwa betri kama anayo, kisha akahamisha swichi upande wa magneto na kuendelea na safari. Hebu tulia hapo kidogo. Tangu enzi hizo, watu walishajua kwamba stima ya kuwashia gari na stima ya kuendeshea gari ni mambo mawili tofauti. Huo ndio uzi tutakaoufuata.

Shida ya magneto ilikuwa kwamba injini ikizunguka polepole, cheche nayo inakuwa dhaifu. Na kuwasha kulikuwa kwa hendeli. Injini ikirudi nyuma ghafla, hendeli inavunja mkono. Si mfano wa kuongeza chumvi. Mifupa ya watu ilivunjika kweli.

Aliyebadilisha mambo ni Charles Kettering wa Ohio, Marekani. Alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya National Cash Register mjini Dayton, ambako alitengeneza mota ya umeme ya kufungulia mashine za kuhesabia pesa dukani. Mota hiyo ilikuwa ndogo kwa sababu haikuhitaji kufanya kazi siku nzima. Ilihitaji kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi tu, kisha ipumzike. Kettering na mwenzake Edward Deeds wakaanzisha kampuni ya Delco, na mwaka wa 1910 magari ya Cadillac yakatoka na mfumo wao wa cheche: betri, koili, na pointi zinazofunguka na kufunga. Mwaka wa 1912 Cadillac ikatoka na stata ya umeme, na wazo lake lilikuwa lilelile la mashine ya duka. Nguvu nyingi, muda mfupi.

Hapo ndipo deni lilipoanza. Betri sasa ilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Stata inapozunguka inakula mamia ya ampea. Betri inayosoma volti 12.6 ikiwa imetulia inaweza kushuka hadi 10, na asubuhi ya baridi au ikiwa imezeeka, chini ya hapo. Koili nayo inaomba stima dakika hiyohiyo ili itoe cheche. Yaani gari linaomba cheche yake ya kwanza, iliyo ngumu kuliko zote, wakati betri iko katika hali mbaya kuliko zote.

Kwa miaka mingi ufunguo haukuhusika sana na hili. Ulifungua tu njia ya stima kwenda kwenye koili; stata ilikuwa na kitufe chake au pedali yake. Kisha kazi hizo mbili zikaunganishwa. Magari ya Chrysler ya mwaka wa 1949 yaliwashwa kwa kuzungusha ufunguo mpaka mwisho, kama tunavyofanya sisi. Dereva alipata raha. Lakini nyuma ya kile kitasa, swichi ikawa na maamuzi ya kufanya: ufunguo ukifika mwisho, ni nani aendelee kupata stima, na ni nani akatwe ili stata ishibe?

Redio, hita na waipa zikakatwa. Hiyo haina ubishi. Koili ndiyo iliyoleta hesabu.

Katikati ya miaka ya 1950, watengenezaji wa Marekani walihama kutoka volti 6 hadi 12. Wahandisi wakatumia ujanja mmoja mzuri sana. Walitengeneza koili inayotosheka na volti pungufu, kisha wakaweka rezista kwenye waya yake. Gari likiwa linatembea, stima inapita kwenye rezista na koili inapata kiasi chake bila kuungua. Ukipiga stata, waya nyingine inaruka ile rezista na kuipa koili kila kitu betri ilichobakisha. Betri imeshuka, lakini koili haijui. Inapata karibu kile ilichozoea. Mgala muue na haki yake mpe: kwa kipande cha waya kinachopata joto na waya moja ya ziada, walitatua tatizo la asubuhi za baridi.

Kwenye magari ya Chrysler ya miaka ya 1960, ujanja huo ulifanywa kwa waya mbili kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Ya kwanza ina moto ukiwasha ufunguo, na inakufa kabisa ukipiga stata. Ya pili imekufa wakati wote, na inapata moto ukipiga stata tu. Zinapokezana. Koili, inayokaa mwisho wa zote mbili, haikosi stima hata sekunde moja. Lakini ukitazama waya moja pekee, kila moja inakufa wakati fulani.

Sasa rudi kwa jamaa yetu na testa yake. Aliwasha ufunguo, akapata moto kwenye waya ya kwanza, akaunga kompyuta hapo. Kila anapopiga stata, kompyuta inazimika. Injekta hazifunguki. Akiachilia ufunguo, kompyuta inarudi, inanyunyiza mafuta kidogo, injini inakohoa, imeshachelewa. Hakuna uchawi. Mwaka wa 1966 kuna mtu aliamua kwamba waya hiyo haina kazi wakati wa stata, na alikuwa sahihi kabisa kwa gari alilokuwa akitengeneza.

Unaweza kuuliza: injekta zilikuwepo zamani pia, wao walifanyaje? Zilikuwepo, ila hazikuomba stima. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka wa 1954, ile yenye milango inayofunguka juu kama mabawa, ilikuwa na pampu ya Bosch iliyozungushwa na injini na kusukuma mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Ilikuwa na kituko kimoja kinachofundisha. Ukizima ufunguo, cheche inakatika, lakini pampu haijui habari za ufunguo. Iliendelea kusukuma mafuta mpaka injini isimame, na mafuta yale yasiyoungua yakateremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Ufunguo ulikuwa na amri juu ya cheche tu. Juu ya mafuta haukuwa na neno.

Hata sisi tulikuwa na jamaa ya mashine hiyo. Mwaka wa 1975, Ove Andersson na Arne Hertz walishinda mbio za Safari wakiwa na Peugeot 504 ya injekta. Pampu yake, ya aina ya Kugelfischer, nayo ilizungushwa na injini. Wazazi wetu wanaikumbuka 504 kwa sababu nyingine, ile steshenwagoni iliyobeba abiria kwenda Nakuru na Kisumu, na nyingi za hizo zilikuwa za kabureta. Lakini iwe kabureta au injekta, mantiki ilikuwa moja: mafuta yalikuwa kazi ya vyuma, cheche ilikuwa kazi ya stima. Fundi aliyejua pointi, koili na kabureta angeweza kulala usingizi.

Waliojaribu kuyakabidhi mafuta kwa stima mapema waliumia. Kampuni ya Bendix ya Marekani ilitengeneza mfumo ulioitwa Electrojector, na Chrysler ikauweka kwenye magari machache ya mwaka wa 1958. Yalikuwa takriban 35 tu. Vifaa vya elektroniki vya wakati huo havikustahimili maisha ndani ya gari, na mengi ya magari hayo yalirudishwa yakawekewa kabureta. Wazo lilikuwa sawa. Vifaa vilikuwa bado. Haki za uvumbuzi huo zikafika mikononi mwa Bosch, na mwaka wa 1967 ukatoka mfumo wa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600, ukisukumwa na sheria za moshi za Marekani, hasa California.

Kilichonifurahisha kwenye D-Jetronic si kompyuta yake. Ni kwamba Wajerumani hawakuiomba swichi ya ufunguo ifanye kazi mpya. Waliweka rilei mbili. Moja ya kompyuta, moja ya pampu.

Rilei ni swichi inayowashwa na stima badala ya kidole. Jina lenyewe lilitokana na farasi: zamani za barua za farasi, mnyama aliyechoka aliachwa njiani na mwingine mwenye nguvu akapokea safari. Kama mbio zetu za kupokezana vijiti. Waya nyembamba kutoka kwenye ufunguo inaleta ujumbe tu, kwamba mwenye gari ameingia. Mzigo wenyewe unabebwa na waya nene inayotoka kwenye betri, ikiwa na fyuzi yake. Ufunguo unatoa amri, betri inafanya kazi.

Wajerumani wakaiandika hata kwenye nambari. Kwa kanuni yao ya DIN 72552, 30 ni stima ya betri isiyozimwa, 50 ni ya stata, na 15 ni ya ufunguo ukiwashwa. Kwenye Volkswagen utakuta pia njia nyingine, inayoandikwa X, ya taa kubwa na vitu vizito, ambayo hukatwa stata ikizunguka. 15 haikatwi. Yaani ile tofauti ambayo Model T iliionyesha kwa swichi ya pande mbili, na Chrysler ikaificha ndani ya waya mbili, wao waliipa jina. Ndiyo maana ukitazama rilei nyingi kwenye rafu za Grogan utaona 30, 85, 86 na 87 zimeandikwa chini yake, hata zile zilizotengenezwa China.

Na ile ya pampu? Hapo kuna maisha ya watu. Pampu ya kabureta inasukuma mafuta taratibu, chini ya nusu baa. Mfumo wa D-Jetronic ulitaka karibu baa 2, na mifumo mingi ya siku hizi inataka 3 au 4. Mpira ukipasuka kwenye kabureta, mafuta yanadondoka. Ukipasuka kwenye injekta, yanaruka kama dawa ya mbu, na yanaruka juu ya injini yenye joto. Kwa hivyo D-Jetronic iliwasha pampu kwa sekunde moja au mbili ufunguo ukiwashwa, kisha ikaizima mpaka ione injini inazunguka. Injini ikisimama kwa ajali huku ufunguo ukiwa bado umewashwa, pampu inasimama nayo. L-Jetronic, iliyofuata miaka ya 1970, ilitumia kibao kinachosukumwa na hewa inayoingia: hakuna hewa, hakuna pampu.

Hiyo ndiyo sababu mtu akiniambia ameunga pampu moja kwa moja kwenye waya ya ufunguo "ndio iwe na nguvu," mimi hupanda matatu.

Mwaka wa 2001, Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa MegaSquirt, kompyuta ya injini ambayo mtu anaweza kuiunganisha mwenyewe mezani. Baadaye zikaja nyingine zilizo tayari kabisa. Tangu hapo, kuweka EFI kwenye gari la babu si kazi ya kiwanda tena. Na hapa kwetu kuna njia fupi zaidi: unapandikiza injini nzima ya Toyota pamoja na kompyuta yake.

Lakini tazama nani anafanya kazi hiyo. Kwa sababu ya sheria ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kijana aliyeanza gereji juzi amelelewa na magari ya kompyuta. Anajua kusoma makosa kwa mashine, anajua kompyuta inataka volti ngapi. Rezista ya koili hajawahi kuiona. Mzee wa jirani yake anaijua hiyo rezista kwa kuishika tu, anajua kwa nini ipo, lakini kompyuta haigusi. Waya tunayoizungumzia iko katikati yao. Mmoja anajua iliwekwa kwa nini, mwingine anajua sasa inatakiwa kufanya nini. Wasipoongea, gari linaungwa kwenye koili. Kompyuta inakula stima iliyopunguzwa na rezista, tena stima chafu, kwa sababu kila pointi zinapofunguka koili inarusha mamia ya volti kwa upande wake wa pili, na fujo yake inasambaa. Siku moja gari linazima katikati ya lori mbili pale Rironi, na lawama inaenda kwa kompyuta.

Au linakataa kuzima. Hilo nalo lipo. Rilei inahitaji stima kidogo sana kubaki imeshika, hata sehemu ndogo ya ampea moja. Kwenye magari mengine ya zamani, stima hiyo inaweza kurudi kutoka kwa alteneta kupitia balbu ya taa ya chaji kwenye dashibodi. Umetoa ufunguo, umeushika mkononi, injini inaendelea kunguruma. Dayodi moja ya bei ya chai na mandazi inamaliza hiyo kesi, ila sharti mtu ajue kwamba stima ina njia ya kurudi.

Kwa Chrysler ya jamaa yetu, dawa ni hizohizo. Waya ile ya kwanza na ile ya pili zote zinaletwa kwenye rilei, kila moja kupitia dayodi yake, ili yoyote itakayokuwa na moto iiwashe na hakuna inayoirudishia mwenzake stima. Rilei inachukua mzigo kutoka kwenye betri kwa waya yake na fyuzi yake. Athi ya kompyuta inafungwa vizuri kwenye betri, si kwenye bolti yoyote yenye kutu. Koili na rezista yake zinaachwa mahali pake kama bado zinatumika, maana hazikuwa na kosa.

Na kabla ya kukata chochote, kipimo chenyewe ni cha dakika mbili na watu wawili. Chomoa waya ya pampu ili mafuta yasitoke. Weka mita kwenye waya unayoitaka, si testa ya balbu, maana balbu haitakwambia kama ni volti 12 au 7. Mmoja akae ndani, awashe ufunguo, wewe soma. Kisha mwambie apige stata, na usitoe macho kwenye mita mpaka aachilie. Ikianguka hadi sufuri, hiyo si waya yako. Ikibaki juu ya 9 au 10 muda wote, andika rangi yake mahali, kisha mwite yule mzee aje aione kabla hujaifunga tepu.